Pingili imeteleza: niunge au niweke diski bandia?

*Daktari, nina miaka 44, dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Mwaka wa pili huu kiuno kinauma, na mguu wa kushoto unakufa ganzi nikitembea kidogo tu. Vidonge na mazoezi havijasaidia. Majibu ya MRI yanasema diski ya L4/L5 imechakaa na pingili ya L4 imeteleza kwa mbele. Hospitali wanataka kuziunganisha pingili kwa vyuma. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasema nikatae, kwamba huko wanaweka diski bandia na mgongo unaendelea kukunjika. Nimsikilize nani?*

Shemeji hakudanganyi, ila majibu yako hajayasoma.

Diski bandia iliyovuma mwanzo ilibuniwa hospitali ya Charité, Berlin, na ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 1984. Mmoja wa wabunifu wake, Karin Büttner-Janz, ndiye yule aliyezoa dhahabu mbili za jimnastiki Munich mwaka 1972. Thamani ya mgongo unaokunjika aliijua. Hofu yao ilikuwa kwamba pingili mbili zikigandishwa, za jirani hubeba kazi ya ziada na huweza kuchakaa mapema. Hoja hiyo ina uzito.

Sasa tazama mgongo wako. Pingili hazishikwi na diski peke yake. Kwa nyuma kuna viungo viwili vidogo, mfano wa bawaba za mlango. Diski bandia huchukua nafasi ya diski ya mbele tu. Bawaba hubaki zile zile. Pingili ikiteleza, ama bawaba zimechakaa, ama mfupa unaozibeba umekatika. Ukiweka hapo kitu cha kuchezacheza, nani ataizuia L4 isizidi kwenda? Usukani ukicheza, fundi anakaza, halegezi. Ndiyo maana kuteleza kwa pingili ni miongoni mwa sababu za kumnyima mtu diski bandia, sawa na mifupa iliyodhoofika.

Kwa hiyo, kama ni kupasuliwa, mimi niko upande wa daktari wako. Ila muulize kama atapanua pia njia ya mishipa ya fahamu iliyobanwa, maana ganzi ya mguu huenda inatoka huko. Muulize na lini utarudi barabarani. Skrubu hushikilia kwa muda tu. Kinachounga ni mfupa, na huchukua miezi, wakati mwingine mwaka mzima. Kama unavuta sigara, acha kuanzia leo, kwa sababu sigara huufanya mfupa ugome kuunga. Na usitarajie maumivu yote ya kiuno yaishe. Mara nyingi mguu ndio unaopata nafuu kubwa zaidi.

Ukisubiri tarehe ya upasuaji, halafu mkojo ukakataa kutoka, msamba ukafa ganzi au mguu ukaanza kuburuta, usingoje kliniki. Nenda mapokezi ya dharura usiku huo huo.