Kuruhusiwa Si Kupona: Kazi ya Muuguzi Bingwa katika Utengamao



Mtu akipata kiharusi, au akiumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, matibabu ya dharura huokoa uhai wake. Lakini kukaa tena, kula mwenyewe, kwenda chooni na kurudi shambani kunategemea sana huduma anayopewa baadaye, saa kwa saa. Huduma hiyo ndiyo utengamao. Mtaalamu wa mazoezi tiba huja kwa zamu yake na kuondoka. Wauguzi wapo mgonjwa anapokula, anapogeuzwa, anapooshwa na anapolala.

Muuguzi bingwa ni muuguzi aliyesajiliwa, kisha akaongeza masomo katika eneo moja, mathalani wagonjwa mahututi au mifupa. Huyu huona hatari mapema, huwaelekeza wauguzi wenzake na huwafundisha ndugu wa mgonjwa.

Vidonda vya kulalia

Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha walioumia uti wa mgongo. Enzi hizo wengi wao walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Akaagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kugeuza mgonjwa hakuhitaji mashine ya gharama, na kunawezekana hata hapa mkoani kwetu: Songea mjini, Peramiho, hata kijijini Namtumbo.

Kagua kila siku visigino, nyonga, makalio na kiunoni kwa nyuma. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa na utazame: pakiwa na joto, pamekuwa pagumu au pamekolea rangi kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Usimlaze tena upande huo, na usipasugue.

Kulisha na kuinua

Baada ya kiharusi, koo nalo linaweza kulegea. Uji au maji yakiingia kwenye njia ya hewa, mgonjwa anaweza kupata nimonia. Muuguzi aliyefunzwa humpima umezaji kabla ya kumruhusu kula. Nyumbani, mkalishe wima, mpe kidogo kidogo, na usimlaze mara tu amalizapo. Akikohoa au sauti ikibadilika anapokula, acha kumlisha na urudi hospitali.

Unapomwinua, usimvute mkono uliolegea. Bega huteguka, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi kwa muda mrefu.

Huduma hizi zote huanzia hospitali, lakini tunajua wapo wanaoamini kwamba kupooza ghafla ni kurogwa, wakaanzia kwa mganga. Hatumdharau mtu kwa imani yake, ila saa za mwanzo za kiharusi haziwezi kurudishwa. Mpelekeni hospitali kwanza.

Kabla hamjaondoka

Mkoa wetu ni mpana. Anayerudi Tunduru au Nyasa baada ya kulazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hawezi kufika Songea kila wiki. Ndiyo maana mafunzo ya ndugu ni sehemu ya tiba. Chagueni wawili watakaomhudumia, wanaume wakiwemo, maana mzigo huu mara nyingi huachiwa mama au binti peke yake. Mwombeni muuguzi awaonyeshe kumgeuza, kumlisha, kutunza mpira wa mkojo na kumpa dawa za presha bila kukatiza. Kisha fanyeni wenyewe, naye akiwatazama. Ulizeni pia ni kituo gani cha afya kilicho karibu nanyi kitakachoendelea kumfuatilia, na barua ya rufaa iandikwe kabla hamjapanda gari.