Neno "kwa" na Jasho la Kijerumani

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Genkuru, kule Tarime. Usiku mmoja baada ya chakula dada yangu, binti wa baba mdogo, akanisogezea simu yake nisome barua pepe. Dada ni muuguzi mwenye diploma, na anajifunza Kijerumani ili akafanye kazi Ujerumani. Alikuwa ameandika maombi kwa hospitali moja ya huko, peke yake, bila kumwonyesha mtu. Jibu lilikuja fupi na la adabu: wanashukuru, ila wanaomba awafafanulie kama yeye ni muuguzi aliyesomea au anasaidia tu kazi za wodini.

"Mdogo wangu, cheti si nimewatumia? Sasa wanauliza nini tena?"

Nikafungua barua yake. Sentensi ya pili ilisomeka: "Ich arbeite für drei Jahre wie eine Krankenschwester." Kila neno ni la Kijerumani, hakuna hata moja lililokosewa herufi. Lakini Mjerumani akisoma hapo anaelewa hivi: nafanya kazi kwa kipindi cha miaka mitatu, nikifanana na muuguzi. Dada alitaka kusema: "Ich arbeite seit drei Jahren als Krankenschwester." Basi, "für" kukaa mahali pa "seit", na "wie" kukaa mahali pa "als", kumemgeuza mtu mwenye taaluma kuwa mtu anayeiigiza. Na baba mdogo alishauza ng'ombe wawili kulipia hiyo kozi. Kwetu Wakurya ng'ombe hauzwi hivi hivi.

Tulikaa siku nne na daftari lake. Niliyoyaona humo ndiyo nawaandikia wenzangu mnaosoma Kijerumani, hasa ninyi mnaosubiri madesa usiku wa kuamkia mtihani. Makosa ya dada ni yaleyale niliyofanya mimi mwaka wa kwanza, na chanzo chake ni kimoja: Kiswahili chetu kina maneno mawili, "kwa" na "kama", yanayobeba mizigo ya maneno kumi ya Kijerumani. Ukitafsiri neno kwa neno umekwisha.

Chukua "kwa". Nakata nyama kwa kisu: "mit dem Messer". Naenda kwa basi: "mit dem Bus". Naenda kwa shangazi: "zu meiner Tante". Nalala kwa shangazi: "bei meiner Tante". Zawadi kwa mama: "für meine Mutter". Sema kwa Kijerumani: "auf Deutsch". Kilomita themanini kwa saa: "80 Kilometer pro Stunde". Dada kila akiona "kwa" anaweka "für", maana ndilo alilofundishwa kwanza. Kumbe "für" ni la mtu anayenufaika na kitu, au muda uliopangwa mbele: "Ich gehe für drei Jahre nach Deutschland", yaani naenda kukaa miaka mitatu.

Muda ndio unaotuponza zaidi. Sisi tukisema "nimefanya kazi kwa miaka mitatu", msikilizaji anajua kutokana na mazungumzo kama bado uko kazini au uliacha. Mjerumani hataki kukisia. Kama kazi inaendelea, weka "seit" na kitenzi kiwe cha wakati uliopo: "Ich arbeite seit drei Jahren." Kama iliisha, huhitaji kihusishi chochote: "Ich habe drei Jahre in Musoma gearbeitet." Na ukitaka kusema ulianza miaka mitatu iliyopita, hapo ni "vor": "Vor drei Jahren habe ich angefangen." Ukiandika "seit" halafu ukaweka kitenzi cha wakati uliopita kwa kazi ambayo bado unaifanya, mwajiri ataona umeshaacha kazi.

Kwa muuguzi haya si mambo ya maksi peke yake. Dawa ya kumeza kabla ya kula ni "vor dem Essen", baada ya kula ni "nach dem Essen". Dawa ya kichwa si "für den Kopf"; Wajerumani husema dawa dhidi ya maumivu: "Tabletten gegen Kopfschmerzen". Halafu kuna saa. "Um halb drei" si saa tatu na nusu. Kwanza "halb drei" ni nusu saa kuelekea "drei", yaani 2:30. Pili, saa zao hazihesabiwi kama zetu, kwa hiyo kama ni mchana hapo ni saa nane na nusu. Mgonjwa wa sindano ya "halb drei" ukimhesabia Kiswahili, utamchelewesha au utamwahi vibaya sana.

Niseme kidogo pembeni. Wajerumani walitawala huku kwetu, na boma lao la Ikoma, upande wa Serengeti, linafahamika. Walituachia "shule" kutoka "Schule", na "hela" kutoka "Heller", sarafu waliyoianza 1904. Nomino zilihama kirahisi. Vihusishi na viunganishi havikuhama hata kimoja. Hivyo vyetu vingi tulivipata kwa Waarabu: kabla, bila, hadi, lakini, bali. Kwa hiyo usitegemee masikio. Hakuna kihusishi cha Kijerumani kitakachokufikia kikiwa kimevaa kanzu ya Kiswahili.

Sasa tuje kwenye mahali. Kuna vihusishi tisa, "an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen", ambavyo vinaweza kufuatwa na akuzativi au dativi. Kanuni inayofundishwa ni kwamba mwendo ni akuzativi na utulivu ni dativi. Kanuni hiyo ni nusu tu. Swali lenyewe ni hili: je, kitu kinahamia mahali papya ("wohin", kwenda wapi), au tayari kipo hapo ("wo", wapi), hata kama kinarukaruka?

Kiswahili kinasaidia, watu hawajui tu. Ng'ombe wamo mtoni: "Die Kühe sind im Fluss." Ng'ombe wapo mtoni: "Die Kühe sind am Fluss." Ile "mo" ya ndani inakupa "in", na ile "po" ya mahali dhahiri inakupa "an" au "auf". Tumeizoea "-ni" hadi tumeisahau tofauti hiyo, lakini bibi yako hajaisahau. Sasa ng'ombe wanaingia mtoni: "in den Fluss", akuzativi, maana walikuwa nje. Ng'ombe wanatembea humo humo ndani ya mto: "im Fluss", dativi, ingawa miguu inakwenda.

Dada akaniuliza, "Na watoto wanakimbia uwanjani?" Swali zuri. Kama wanakimbia humo uwanjani, "auf dem Sportplatz". Kama wanakimbilia uwanjani, "auf den Sportplatz". Umeona hiyo "-ilia"? Kitenzi chetu ndicho kinachobeba kazi ambayo kwao inafanywa na "dem" na "den". Ila usiifanye sheria ya jumla, maana "-ia" ina kazi nyingine pia: aliyefia mtoni amefia mahali alipokuwa, kwa hiyo ni "im Fluss".

Vilivyobaki ni vya kukariri kama wimbo, hakuna ujanja. "Durch, für, gegen, ohne, um" ni akuzativi siku zote. "Aus, bei, mit, nach, seit, von, zu" ni dativi siku zote.

Kwa wale mnaolenga kuongoza watalii: msiseme "nach Serengeti". Nchi na miji isiyo na der, die au das hupewa "nach", kama "nach Tansania", "nach Musoma". Lakini kwao Serengeti ni "die Serengeti", kwa hiyo mgeni husafiri "in die Serengeti", kama anavyosafiri "in die Schweiz". Wajerumani wengi wanaijua mbuga hiyo tangu filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, "Serengeti darf nicht sterben", ya 1959. Ukikosea jina hilo mbele yao wataligundua haraka. Zanzibar ni kisiwa: kwenda ni "nach Sansibar", kuwa huko ni "auf Sansibar".

Sasa "kama", lililomtia dada aibu. Kazi kama muuguzi, ikiwa ndiyo kazi yako, ni "als". Kufanana na kitu ni "wie": "Er arbeitet wie eine Maschine", anafanya kazi kama mashine. Sijui kama atakuja: "Ich weiß nicht, ob sie kommt." Kama atakuja tutapika: "Wenn sie kommt, kochen wir." Jaribio langu ni rahisi. Ukiweza kubadilisha "kama" ukaweka "iwapo", na sentensi ni ya kutojua au kuuliza, ni "ob". Ikiwa ni sharti, ni "wenn".

"Als" na "wenn" za wakati zinawatesa hata watu wa ngazi ya B2, na hapa tena Kiswahili kimeshakufanyia kazi. "Nilipofika Genkuru, mvua ilikuwa inanyesha": mara moja, imepita, "Als ich in Genkuru ankam, regnete es." "Nikifika nitakupigia" au "nitakapofika": bado haijatokea, "Wenn ich ankomme, rufe ich dich an." Mtego uko kwenye "kila": "Kila nilipofika, mvua ilinyesha." Ina "-lipo-" lakini ni jambo la kujirudia, kwa hiyo ni "immer wenn".

"Aber" na "sondern" zisikusumbue. Sisi tuna "lakini" na "bali". Panapokubali "bali", ni "sondern": "Ich komme nicht aus Musoma, sondern aus Tarime." Nashangaa walimu hawalisemi hili siku ya kwanza.

"Ili" nayo ina njia mbili. Tazama viambishi vya nafsi. Ninasoma ili nifanye kazi Ujerumani: "ni" na "ni", mtu ni mmoja, basi "Ich lerne, um in Deutschland zu arbeiten." Vikitofautiana, ni "damit". Dada aliandika mfano wake mwenyewe bila kuangalia kitabu: "Mein Vater hat zwei Kühe verkauft, damit ich Deutsch lernen kann." Nilimwambia sentensi hiyo aikariri kwa ajili ya mtihani wa kuzungumza.

Umeona "kann" imekaa mwisho? "Weil, dass, ob, wenn, als, obwohl, damit" zote husukuma kitenzi nyuma kabisa. "Und, aber, oder, denn, sondern" haziko kwenye mchezo huo. Kundi la tatu, "deshalb" na "trotzdem", huvuta kitenzi kikae jirani nalo. Ingawa mvua inanyesha, naenda: "Obwohl es regnet, gehe ich." Mvua inanyesha, hata hivyo naenda: "Es regnet, trotzdem gehe ich." Utawasikia Wajerumani wenyewe wakisema "weil" bila kupeleka kitenzi mwisho wanapopiga soga. Waache, wao hawafanyi mtihani.

Siku ya nne tukaandika barua upya. Tukaweka "seit", tukaweka "als", na badala ya "Krankenschwester" tukatumia "Pflegefachfrau", jina rasmi la taaluma hiyo huko tangu 2020, akieleza kwamba cheti chake cha Tanzania bado anakiombea utambuzi. Akasoma kwa sauti mara tatu, akatuma. Mtandao ulikuwa unasuasua, tukakaa nje tukiangalia kale kaduara kakizunguka hadi ujumbe ukaondoka.

Asubuhi nilipokuwa nabeba begi kurudi chuo, akanisindikiza hadi barabarani. Bodaboda imeshafika, akanikamata mkono: "Ngoja kwanza. Na hii 'kwa' ya 'kwa heri', ni 'mit' au 'für'?"

Nikamjibu nikiwa nimeshapanda: "Auf. Auf Wiedersehen, dada."