Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni

Haya wadogo zangu, sogeeni tuzungumze. Naona wengi mmeshikwa na homa moja: kuvuka jangwa kwa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne. Mmetazama video za mbio za Dakar, mchanga unaruka, muziki unavuma, na moyo umewaka. Mmoja anataka kuuza kiwanja. Mwingine anataka kukopa kwenye kikoba. Wa tatu kashanunua helmeti kabla hajajua breki iko wapi. Siwacheki, maana kupenda jambo kubwa si kosa. Ila kuna mambo video haisemi, na nisipowaambia mimi, nani atawaambia?

Kwanza rudisha hati ya kiwanja kabatini. Dakar, ambayo tangu 2020 hukimbiwa Saudi Arabia, haina tena kundi la kwadi. Kwadi zilipewa kundi lao 2009, mbio zilipohamia Amerika Kusini, na 2024 ikawa mara ya mwisho, washiriki wakiwa wamebaki wachache. Unauza urithi wako ili ubishe hodi kwenye mlango uliofungwa. Inauma, najua, lakini bora iume leo ungali na kiwanja. Kama hamu haijaisha, zipo mbio za Baja 1000 za Mexico, zilizoanza 1967. Kule kwadi zina makundi yao, na mnaweza kuingia kama timu mkapokezana.

Sasa tuseme umepata nafasi. Unajua kitakachokutesa mwanzo? Kidole gumba! Gesi ya kwadi husukumwa kwa gumba, na ukilisukuma saa nzima, kisha saa ya pili, hadi ya nane, mkono mzima unakakamaa. Tena kwadi hailali kwenye kona kama pikipiki. Mwili wako ndio unaoegemea huku na huku kuizuia isipinduke, na ikipinduka, chuma cha karibu kilo 200 kinaweza kukuangukia. Ndiyo maana waendeshaji hujifunga kamba ya kuzima injini: ukirushwa, kamba inachomoka na mashine inazima. Wewe unayesema kamba inakubana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa methali si mafumbo.

Halafu hii tabia ya kutaka kuwa wa mbele siku ya kwanza, iacheni. Najua inatoka wapi: unaogopa waliokuaga nyumbani watakucheka. Lakini mbio za siku nyingi zina hesabu yake. Dakika 5 ulizoziiba asubuhi kwa kuruka mashimo utazilipa jioni kwa ekseli iliyovunjika. Ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, walitwaa ubingwa wa kwadi Dakar mara 5 kati ya 2010 na 2016. Ubingwa huo ulihesabiwa kwa muda wa hatua zote, hadi ya mwisho. Aliyeng'ara siku ya kwanza akakwama ya tatu, jina lake nani analikumbuka?

Na ninyi wasichana mnaouliza kwa aibu kama nanyi mmo: mmo. Camelia Liparoti wa Italia, mpiga picha kwa kazi, alirudi Dakar na kwadi yake mwaka baada ya mwaka. Aibu ya nini?

Kuna na kupotea. Hilo halina fundi. Thierry Sabine wa Ufaransa alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977, akaokolewa, kisha ndiye aliyeanzisha mbio za Paris–Dakar, zilizoondoka Paris Desemba 1978. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwa mwenye maji mgongoni na kichwa kilichotulia. Ukiona kitabu cha njia ulichopewa hakifanani na unachokiona mbele, simama. Rudi hadi alama ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo. Usifuate vumbi la mwenzako, huenda naye kapotea.

Lingine ni hili la kuondoka kwa siri. Eti mama atalia. Alie! Bora alie ukiwepo umfute machozi, kuliko apigiwe simu na mgeni kutoka hospitali ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Mkeo au mumeo pia ajue fedha zimetoka wapi, maana deni la kikoba litagonga mlango wenu nyote.

Basi anza kidogo: fundi akufundishe kubadili tairi na kusafisha kichujio cha hewa, mwalimu akufundishe kuanguka, kisha jaribu mbio fupi. Mashine ikikufia njiani, jitoe bila haya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo hununuliwa jingine. Uti wa mgongo hauuzwi dukani, mdogo wangu, kwa hiyo funga hiyo kamba.