Kuunganisha Peji Yako na Zana ya Kupanga Posti: Toa Ruhusa, Usitoe Nenosiri

Ukiwa na biashara ndogo, wewe ndiye muuzaji, mhasibu, mpigapicha na mtu wa kuposti. Wateja wako wengi hushika simu jioni, na saa hiyohiyo wewe unafunga duka, unahesabu stoki au uko kwenye matatu ukirudi nyumbani. Ndiyo maana wengi wenu mmeanza kutumia zana za kupanga posti: unaandika matangazo ya wiki nzima Jumapili, unaweka saa, halafu yanatoka yenyewe.

Leo tunakuonyesha jinsi ya kuunganisha Facebook au Instagram na zana kama hiyo. Na kwa kuwa kazi yetu ni malipo, tutakaa zaidi kwenye usalama. Mteja anachukua nambari yako ya Till kutoka kwa peji yako. Mtu mwingine akiingia hapo na kubadilisha tarakimu, wateja wataendelea kulipa kama kawaida, ila pesa haitakufikia.

Zana hizi hufanya nini?

Zana ya kupanga posti huhifadhi matangazo yako na kuyatuma Facebook au Instagram saa uliyochagua. Hata kama bando limeisha au simu imezima, posti itatoka, kwa sababu haikai kwenye simu yako.

Kama uko Facebook na Instagram pekee, anza na Meta Business Suite. Ni ya bure, na ni ya Meta yenyewe, kampuni inayomiliki mitandao hiyo miwili, kwa hivyo hakuna kampuni ya tatu inayoingia katikati. Zana kama Buffer na Hootsuite zinafaa ukiwa na mitandao mingine pia na unataka kuisimamia yote mahali pamoja.

Kabla hujaunganisha

Angalia mambo haya manne kwanza:

1. Akaunti iwe ya biashara. Kwa Facebook unahitaji peji, si akaunti yako binafsi. Tangu 2018, Facebook hairuhusu programu za nje kuposti kwenye akaunti binafsi kwa niaba yako. Kwa Instagram, badilisha akaunti iwe ya biashara kwenye mipangilio. Hulipi chochote.

2. Peji iwe mikononi mwako. Kuna peji nyingi zilizofunguliwa na binamu au kijana wa saiba, na mwenye biashara hana udhibiti kamili. Maliza hilo kabla ya kuendelea.

3. Laini na barua pepe ziwe zako na ziwe zinafanya kazi. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine, na yeye ndiye atakayepokea nambari za uthibitisho za akaunti yako.

4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo mtu akipata nenosiri lako bado atahitaji nambari ya uthibitisho ili aingie.

Hatua za kuunganisha

Hatua ya 1. Andika mwenyewe anwani ya zana kwenye kivinjari, au ipakue kutoka Play Store au App Store ukiangalia jina la kampuni iliyoitengeneza. Usifuate linki uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, hata kama aliyeituma ni rafiki.

Hatua ya 2. Fungua akaunti kwenye zana hiyo. Tumia nenosiri jipya, tofauti na la Facebook. Na tafadhali, PIN yako ya pesa isitumike mahali popote pengine.

Hatua ya 3. Chagua mtandao unaotaka kuunganisha. Zana halali itakuhamisha hadi kwa Facebook au Instagram yenyewe. Simama hapo kidogo. Tazama juu ya skrini: anwani inafaa kuwa facebook.com au instagram.com. Ikiwa na herufi zilizoongezwa, kistari cha ajabu au neno jingine lililobandikwa kabla ya ".com", ondoka.

Hatua ya 4. Chagua peji moja tu unayotaka kuposti. Ukiwa na peji ya duka na nyingine ya chama, hakuna haja ya kuzitoa zote.

Hatua ya 5. Soma ruhusa zinazoombwa kabla ya kubonyeza. Zana ya kupanga posti inahitaji kuona orodha ya peji zako, kuposti, na pengine kusoma takwimu na maoni. Ikitaka kusimamia matangazo yako ya kulipia na hukuwa na mpango huo, kataa.

Hatua ya 6. Rudi kwenye zana na utume posti moja ya majaribio. Ikitoka sawa, ifute, uendelee na kazi.

Ruhusa na nenosiri ni vitu viwili

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo tuseme polepole.

Ukiunganisha kwa njia tuliyoeleza, Facebook hukuuliza wewe, kisha huipa zana kibali maalum. Zana haioni nenosiri lako. Ni kama kumtuma mtoto dukani na orodha pamoja na pesa kamili: analeta ulichoandika, na PIN yako haijui. Ukiona hatumwi vizuri, unaacha kumtuma.

Tovuti inayokuambia uandike nenosiri la Facebook ndani ya fomu yake haiombi kibali. Inaomba akaunti nzima. Vilevile mtu anayekupigia akisema ni wa "huduma kwa wateja" wa zana fulani, ati umtumie nambari ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS "ili akuunganishe", huyo ni mwizi. Hakuna muunganisho unaohitaji umsomee mtu nambari hiyo.

Kanuni ni ileile kwa kijana anayekusaidia kuposti. Usimpe nenosiri. Mwongeze kwenye peji akitumia akaunti yake, umpe kazi za kuposti bila udhibiti kamili. Siku mtakapoachana, unaondoa jina lake bila vita.

Angalia saa, na uangalie tena

Zana nyingi hutumia saa ya Kizungu. Saa moja jioni ni 7:00 PM, au 19:00. Ukiandika 1:00 PM, tangazo lako la jioni litatoka saa saba mchana.

Pia hakikisha zana imewekwa saa za Nairobi, GMT+3. Ikibaki kwenye saa za New York, posti ya 7:00 PM itatoka usiku wa manane huku kwetu, wateja wakiwa wamelala fofofo. Posti ile ya majaribio ndiyo itakayokuonyesha kama saa iko sawa.

Till ya zamani ndani ya posti mpya

Tuseme unauza viatu vya mitumba Gikomba, na umepanga posti 12 za mwezi mzima, kila moja ikiwa na nambari ya Till. Katikati ya mwezi unabadilisha Till, labda kwa sababu wewe na mshirika wako mmegawana biashara. Zile posti ambazo hazijatoka bado zinabeba nambari ya zamani. Zana haijui chochote kuhusu Till, itazituma tu. Wateja watalipa huko, nawe utabaki kuuliza pesa iko wapi.

Ili lisikupate:

- Andika Till kwenye maneno ya posti, si ndani ya picha. Maneno hurekebishwa kwa dakika moja, picha lazima utengeneze upya.
- Weka jina la biashara kando ya nambari, kama linavyotokea kwenye ujumbe wa malipo. Waambie wateja wakiona jina tofauti wasilipe kabla ya kukupigia.
- Siku ukibadilisha Till, fungua foleni ya posti kabla ya kufanya kitu kingine.
- Kila Jumatatu asubuhi, soma nambari iliyo kwenye peji yako kama vile wewe ni mteja. Soma tarakimu zote, usiangalie za kwanza tatu tu.

Posti zikikataa kutoka

Usishtuke. Mara nyingi kibali kimeisha au kimekatika. Kibali cha Instagram, kwa mfano, hudumu siku 60 kisipohuishwa. Zana nyingi hukihuisha zenyewe. Ukibadilisha nenosiri pia, vibali vya zamani vinaweza kufutika. Ingia kwenye zana, tafuta sehemu ya kuunganisha upya, urudie hatua ya 3 hadi ya 6. Fanya hivyo kutoka ndani ya zana, si kupitia linki ya barua pepe inayosema "akaunti yako itafungwa leo".

Kabla ya kulipia

Zana nyingi zina kiwango cha bure, na kwa duka lenye posti tatu kwa wiki mara nyingi kinatosha. Ukiamua kulipia, piga hesabu kwa shilingi. Tuseme ni dola 10 kwa mwezi, na dola ni shilingi 130: hiyo ni shilingi 1,300 kwa mwezi, au 15,600 kwa mwaka. Jiulize ni pea ngapi za viatu zitalipa hiyo.

Kipindi cha majaribio kinachoomba kadi huanza kukata pesa chenyewe kikiisha. Weka ukumbusho kwenye simu siku mbili kabla.

Kukata muunganisho

Ukiacha kutumia zana, kuifuta kwenye simu hakutoshi. Kibali bado kipo. Nenda kwenye mipangilio ya Facebook, tafuta Business Integrations, chagua zana hiyo uiondoe. Kwenye Instagram, tafuta sehemu ya programu na tovuti zilizounganishwa. Ukikuta jina usilolijua, liondoe, kisha ubadilishe nenosiri.

Na kama peji tayari imeingiliwa na Till imebadilishwa, usingoje hadi uirudishe. Waambie wateja kupitia status ya WhatsApp na simu wasilipe nambari iliyo kwenye peji, kisha uripoti ile Till ngeni kwa huduma kwa wateja ya kampuni ya malipo. Mteja aliyekwisha kulipa aripoti mara moja, akiwa na ujumbe wake wa uthibitisho.

Kazi ya leo jioni ni ya dakika tano: fungua orodha ya zana zilizounganishwa na peji yako, ondoa usizotumia, kisha usome Till yako tarakimu kwa tarakimu. Halafu mtumie somo hili mwenzako wa biashara anayeposti usiku wa manane.