SOMO LA MWEZI: MJI WENYE MALANGO MATANO

Masomo ya kusoma kwanza: Nehemia 13:15–22, Luka 11:14–26, Ufunuo 3:14–22.



Mwezi huu tunataka kuwatembeza katika mji ambao haumo katika ramani yo yote. Hauna stesheni wala bandari, wala hakuna mtu aliyepata kuuona kwa macho. Hata hivyo twaamini kwamba kila msomaji atautambua, kwa kuwa amekaa ndani yake tangu siku aliyozaliwa.

Mji huo waitwa Mansoul, maana yake Roho ya Mtu. Aliyeubuni ni John Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford. Wengi wetu twamjua kwa kitabu chake cha Safari ya Msafiri, kilichotoka mwaka 1678. Lakini miaka minne baadaye, mwaka 1682, alitoa kitabu kingine kiitwacho Vita Vitakatifu, na hicho wachache tu wamekisoma. Katika Safari ya Msafiri, Mkristo ni mtu mmoja aliye njiani. Katika Vita Vitakatifu, Mkristo ni mji mzima, wenye meya, hakimu, madiwani, soko na kuta.

Kabla hatujaingia mjini, inatupasa kusema jambo moja wazi. Bunyan alifungwa gerezani tangu mwaka 1660 hata 1672, kwa sababu alihubiri nje ya Kanisa la Uingereza bila ruhusa, na sheria za wakati ule zilikataza jambo hilo. Yaani sheria iliyomfunga ililinda Kanisa letu sisi Waanglikana. Leo Kanisa la Uingereza linamkumbuka katika kalenda yake tarehe 30 Agosti. Ni vema tujifunze kwa mtu ambaye wazee wetu katika imani walimfungia mlango.

1. Jinsi mji ulivyojengwa

Mansoul ulijengwa na Mfalme Shaddai kwa ajili yake mwenyewe. Katikati yake iko ngome, nayo ni moyo. Ukuta wake una malango matano: Lango la Sikio, Lango la Jicho, Lango la Kinywa, Lango la Pua na Lango la Mguso.

Bunyan alikuwa askari katika ujana wake, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Uingereza, basi alijua ukuta ni nini. Lakini ukuta wa Mansoul ulikuwa na ajabu moja. Hakuna adui, hata awe na nguvu namna gani, awezaye kuubomoa, wala kulifungua lango hata moja, isipokuwa wenyeji wenyewe wakubali. Komeo liko upande wa ndani.

Tulishike sana neno hili. Mara nyingi tukianguka twasema, “Nilishindwa nguvu,” au “Shetani alinivamia.” Bunyan atujibu kwamba Shetani aweza kupiga kelele nje ya lango mchana kutwa, lakini komeo hulishiki yeye.

2. Serikali ilivyopinduliwa

Adui wa mji ni jitu liitwalo Diabolus, aliyekuwa zamani mtumishi wa Mfalme akaasi. Hakuja na mizinga. Alikuja na maneno, akasimama mbele ya Lango la Sikio, akazungumza na watu kwa upole kama rafiki anayewaonea huruma. Watu walisikiliza, wakalifungua lango.

Hapo ndipo hadithi inapokuwa ya ajabu, maana Bunyan atuonyesha jinsi mji unavyoendeshwa baada ya kutekwa. Diabolus hakuchoma nyumba moto. Alibadili wenye madaraka.

Meya wa mji alikuwa Bwana Ufahamu. Diabolus alimwondoa katika kiti chake, kisha akajenga mnara mrefu mbele ya madirisha yake, hata jua lisiingie nyumbani mwake. Akaishi gizani kama aliyezaliwa kipofu.

Hakimu wa mji, ambaye kazi yake ni kuwakumbusha watu sheria za Mfalme, alikuwa Bwana Dhamiri. Huyu alikuwa shida kubwa kwa Diabolus. Hata baada ya kuharibiwa na kuondolewa kazini, siku nyingine alimkumbuka Mfalme Shaddai, akapiga makelele hata mji wote ukatetemeka. Basi Diabolus akawaambia watu kwamba mzee huyu ana wazimu. Watu wakaridhika. Kelele zilipopita, wakarudi sokoni.

Aliyebaki ni Bwana Nitakavyo, yaani ile nia ya mtu. Yeye alijiunga na Diabolus kwa hiari, akapewa ulinzi wa ngome, ukuta na malango yote. Akawa mkubwa kuliko wote mjini.

Kisha mji ukapata meya mpya, Bwana Tamaa, asiye na macho wala masikio. Na hakimu mpya, Bwana Sahau-Mema. Na madiwani 13, miongoni mwao Kutoamini, Moyo-Mgumu, Ulevi, Udanganyifu na Amani-ya-Uongo. Baraza likakutana, sheria zikatungwa, soko likaendelea. Mtu mgeni angepita akadhani huu ni mji kama miji mingine.

Twaona hapa kwamba dhambi haiui dhamiri. Yainyang'anya cheo tu. Je, hatujamsikia huyo mzee akipiga kelele usiku, nasi tukasema, “Ni uchovu tu, kesho nitakuwa sawa”?

3. Mfalme aukomboa mji wake

Shaddai alituma kwanza majemadari wanne na jeshi la watu zaidi ya 40,000. Wakauzingira mji, lakini mji haukukubali. Ndipo akaja Emanueli, mwana wa Mfalme, naye akaingia kwa Lango la Sikio, lango lile lile alilopita adui. Diabolus akafungwa minyororo mbele ya watu.

Ufahamu, Dhamiri na Nitakavyo walishuka kambini wakiwa wamevaa nguo za msiba na kamba shingoni, wakitazamia kuuawa. Walirudi wamesamehewa, wamevikwa upya, na ngoma zinapigwa mbele yao. Ufahamu akarudishiwa umeya. Dhamiri akafanywa mhubiri, chini ya Katibu Mkuu wa Mfalme, ambaye kwa Bunyan ndiye Roho Mtakatifu. Mji ukapewa hati mpya, na Emanueli akakaa ngomeni.

Kama kitabu kingeishia hapo, kingekuwa kizuri, lakini kisingekuwa cha kweli. Bunyan alijua kwamba watu wengi wamempokea Bwana kwa furaha, na miaka michache baadaye kiti chake ni kitupu.

4. Siku Emanueli alipoondoka

Mjini alikuwamo mtu aitwaye Salama-ya-Mwili, mtu wa maneno matamu na karamu nyingi. Hakusema neno lo lote baya juu ya Emanueli. Aliusifu mji tu: tazameni ngome yetu, tazameni majemadari wetu, ni nani atakayetuweza? Watu wakapenda kusifiwa. Kidogo kidogo wakaacha kumwendea Emanueli kumwamkia. Akituma mjumbe kuwaonya, mjumbe awakuta mezani kwa Salama-ya-Mwili.

Basi Emanueli akatoka. Hakuna tarumbeta iliyopigwa. Kwanza alijitenga, kisha akasogea hata langoni, kisha akaenda zake. Na hakuna aliyejua.

Aliyegundua ni mzee mmoja, Bwana Kumcha-Mungu. Alialikwa karamuni, akakaa kama mgeni asiyeweza kula. Walipomwuliza ana nini, akawauliza kama wanajua Emanueli yuko wapi. Ndipo wakashtuka. Waliichoma nyumba ya Salama-ya-Mwili, naye akiwa ndani, lakini Emanueli hakurudi siku ile.

Ndugu zetu, sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Twaogopa sana dhambi ya kishindo, ile inayofanya jina lisomwe kanisani. Lakini mji wa Mansoul ulimpoteza Bwana wake siku ya amani, watu wakiwa wameshiba, hali kila kitu kikienda kama kawaida. Yawezekana kengele ikapigwa, kwaya ikaimba, sadaka ikahesabiwa, Umoja wa Akina Mama wakakutana Alhamisi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, “Je, Yeye yumo?” Malaika wa Kanisa la Laodikia aliandikiwa habari hiyo hiyo, nanyi mmeisoma katika Ufunuo 3. Pale Bwana yuko nje ya mlango, abisha.

5. Majina mapya ya wageni wa zamani

Baada ya Emanueli kuondoka, watu wa Diabolus waliokuwa wamejificha katika ukuta walitoka. Hawakuthubutu kutembea kwa majina yao, kwa hiyo walijipa majina mazuri, wakaenda kutafuta kazi katika nyumba za wakubwa.

Choyo akajiita Uangalifu-wa-Mali, akaajiriwa na Bwana Akili. Uasherati akajiita Furaha-isiyo-na-Madhara, akaajiriwa na Bwana Nitakavyo. Hasira akajiita Bidii-Njema, akaenda kwa Bwana Kumcha-Mungu. Huyo mzee peke yake ndiye aliyemtambua, akamfukuza.

Majina haya yametafsiriwa na maisha yetu kuliko na kamusi. Choyo bado atembea mtaani mwetu kwa jina la uangalifu. “Najibana kwa ajili ya watoto,” asema mtu, na msichana wake wa kazi hajapata mshahara wa miezi mitatu. Masengenyo yamepata jina la maombi: “Nawaambia habari za fulani ili tumwombee tu.” Hasira imekuwa kuitetea imani, na katika kikao cha halmashauri ya kanisa yazungumza kwa sauti kuliko wote. Woga umekuwa hekima: twaona fedha ya kanisa haikuandikwa vizuri, nasi twanyamaza, twasema tunatunza umoja.

Nehemia alipofunga malango ya Yerusalemu jioni kabla ya sabato, wafanya biashara walilala nje ya ukuta mara moja na mbili, wakingoja. Hakuwaonea haya kwa sababu bidhaa zao zilikuwa za halali. Aliuliza wanataka nini pale, na saa ile. Nasi tukiona jambo lina jina zuri, tuulize bado: umetoka kwa nani, na wataka kufanya nini nyumbani mwangu?

6. Njia ya kurudi

Mansoul ilifanya nini? Iliandika barua za maombi. Iliandika majira yote ya baridi, wajumbe wakienda na kurudi, na majibu hayakuja upesi. Jeshi la Wenye Mashaka likaingia mjini, likaharibu mengi, lakini ngome haikutekwa. Mwisho watu walimwomba Katibu Mkuu awaandikie barua yao. Alikubali, lakini kwa sharti kwamba wao wenyewe wawepo, na kwamba karatasi na wino viwe vyao. Barua ile ikapelekwa na Jemadari Imani, na Emanueli akarudi.

Roho hutusaidia kuomba, lakini haombi badala yetu tukiwa tumelala. Karatasi na wino ni vyetu: nusu saa ile ya asubuhi kabla ya watoto kuamka, ungamo tuliloahirisha, deni ambalo lazima lilipwe ndipo sala iwe na maneno. Kuichoma nyumba ya Salama-ya-Mwili ni jambo la siku moja. Kuomba ni kazi ya majira yote ya baridi.

Wala tusishangae kwamba hata mwishoni mwa kitabu bado wamo adui katika ukuta wa mji. Emanueli hakuwamaliza wote. Aliwaambia watu wake wakeshe na kushika waliyo nayo mpaka atakapokuja. Wanaotafuta Ukristo usio na zamu ya usiku hawataupata katika Mansoul.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Katika malango matano, ni lipi katika maisha yako lisilo na bawabu?
2. Ni mara ngapi mwezi uliopita Bwana Dhamiri alipiga kelele, nawe ulimwambia nini?
3. Taja dhambi moja ambayo sisi katika mtaa huu tumeipa jina zuri. (Msitaje mtu, taja dhambi.)
4. Kama Bwana angeondoka kimya kanisani kwetu, nani angekuwa wa kwanza kujua, na kwa dalili gani?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeujenga mji huu kwa ajili yako na kuununua kwa damu yako, mrudishe Ufahamu katika kiti chake, mpe Dhamiri sauti yake, na nia yetu uifanye mtumishi wako. Usituache tukifanya karamu hali wewe umetoka. Na kama umekwisha kutoka, tupe moyo wa kuandika barua hata utakaporudi. Amina.