Vigezo vya Kubainisha Funksheni Zinazohamishika baina ya Mifumo ya Uendeshaji

Makala haya yanajadili namna mtunzi wa programu anavyoweza kubaini funksheni zitakazofanya kazi katika zaidi ya mfumo mmoja wa uendeshaji. Tuchukulie mfano wa mwanafunzi aliyetunga kamusi ya Kiswahili kwa lugha ya C katika tarakilishi yenye Linux. Programu yake huandika maneno mapya katika faili ya muda, kisha kwa funksheni rename huipa faili hiyo jina la faili ya zamani. Katika Linux, faili mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Katika Windows, rename hukataa iwapo jina hilo tayari linatumika. Hivyo, maneno mapya hayaingii kamusini, na kama programu haichunguzi jibu la funksheni, mtumiaji hatapata habari.

Kigezo cha kwanza ni kuuliza funksheni imesanifishwa wapi. Hapa pana matabaka matatu. La kwanza ni kiwango cha lugha ya C, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1989 na kimataifa mwaka 1990. Humo zimo fopen na malloc. La pili ni POSIX, kiwango cha mwaka 1988 kwa mifumo ya jamii ya Unix, ambamo imo fork. La tatu ni funksheni za mfumo mmoja tu, kama vile CreateProcess ya Windows na epoll ya Linux.

Hata hivyo, kusanifishwa pekee hakutoshi. Kigezo cha pili ni kuchunguza kiwango kimeahidi nini hasa. Funksheni rename imo katika kiwango cha C, lakini kiwango hicho kimeuachia kila mfumo uamuzi kuhusu jina ambalo tayari lipo. Ni POSIX inayoagiza faili ya zamani iondolewe. Vivyo hivyo, funksheni system ni sanifu, ilhali amri inayopitishwa ndani yake hutegemea mfumo husika.

Kwa mintarafu hiyo, mtunzi wa kamusi yetu hana haja ya kuiandika upya. Atenge sehemu ndogo ya kubadilisha faili: Linux itumie rename, Windows itumie MoveFileEx pamoja na agizo la kuondoa faili iliyopo. Kisha aijaribu programu katika mifumo yote miwili kabla ya kuwakabidhi wasomaji.