SOMO LA CHAKULA: DAGAA WAKIKOSEKANA TULE NINI?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi ya dagaa ilikaa nchi kavu.

Sisi watu wa Kigoma na Ujiji, ugali wa muhogo bila dagaa hatuuhesabu kuwa chakula. Lakini hebu tukumbuke: kila mwezi, mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hupumzika, maana dagaa hufuata taa kukiwa na giza. Siku hizo wengi wetu hula maharage. Basi jambo hili si geni.

Samaki na nyama vina protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Muhogo unayo kidogo sana. Mtoto akilishwa ugali wa muhogo na mchuzi mtupu, tumbo litajaa lakini hatakua. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi. Majirani watasema amebemendwa. Si kweli! Hiyo ni kwashakoo, na apelekwe zahanati upesi.

Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 hivi. Za soya zina zaidi ya 35. Maharage yanalimwa hapa hapa mkoani, Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Hukaa ghalani miezi mingi, tena mizizi yake hurutubisha shamba.

Wengine mnalalamika kwamba yanajaza gesi tumboni. Ni kweli, hata sisi yanatujaza. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, na kuyachemsha kwa maji mapya mpaka yaive sawasawa, kwa sababu yasiyoiva yana sumu inayoumiza tumbo. Yakilowekwa hayali kuni nyingi. Mwishoni tia mawese. Uwekundu wake ndio wenye kumpa mtoto vitamini A, basi usiyaunguze mpaka yakawa meupe. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ponda maharage laini na utoe maganda.

Hatusemi dagaa waachwe. Ipo vitamini moja, B12, ambayo maharage hayana kabisa. Hutoka kwa samaki, nyama, mayai na maziwa. Kwa hiyo ziwa likiwa wazi, anika dagaa wako uweke akiba. Likifungwa, twanga konzi moja utie ndani ya chungu cha maharage, na watoto wapakuliwe kwanza, kabla ya baba.